Dawa ya kontrasti na figo: hofu imeipita hatari yenyewe

Anayepelekwa kupigwa picha ya CT hukutana na fomu kabla hajapanda kwenye kitanda cha mashine. Katikati ya maswali ya mzio, pumu na ujauzito kuna moja linalomfanya asite: una tatizo lolote la figo? Akiuliza sababu ya swali hilo, hujibiwa kwa sentensi moja tu, kwamba dawa atakayochomwa ili picha ionekane vizuri inaweza kudhuru figo. Wapo wanaoondoka hapo hapo. Wapo wanaokubali, kisha wakashinda siku tatu wakichunguza rangi ya mkojo wao.

Jibu hilo si uongo, lakini limebeba kipande kidogo cha ukweli, na kipande hicho kikimfikia mgonjwa peke yake kinaweza kumuumiza kuliko dawa yenyewe. Kwa watu wengi mno, kontrasti haina madhara ya figo yanayoweza kupimika. Kwa kundi dogo la watu ambao figo zao tayari zimechoka sana, hatari ipo na inastahili maandalizi. Kazi yote iko katika kujua nani yuko upande upi.

Tuanze na dawa. Eksirei hupita kwenye nyama, damu na maji karibu kwa namna moja, ndiyo maana ini, uvimbe ulio ndani yake na mshipa unaopita kando huweza kutokea vyote kwa kijivu kile kile. Iodini ni atomu nzito inayozuia eksirei. Watengenezaji huzifunga atomu tatu za iodini, au sita katika aina nyingine, kwenye molekuli inayoyeyuka majini, na dawa hiyo husukumwa kwenye mshipa wa mkono, mililita 70 hadi 120 hivi kwa mtu mzima. Mgonjwa husikia joto likimpanda kooni na kifuani, kisha likashuka tumboni hadi kwenye kinena, kiasi kwamba wengi hudhani wamejikojolea. Mdomoni huja ladha ya chuma. Muda mfupi baadaye yote yamepita, na mashine imeshachukua picha ambazo mishipa imeng'aa na uvimbe umejitenga na kilichouzunguka. Joto lile halihusiani na figo hata kidogo. Ni mishipa iliyotanuka kwa muda.

Mwili hauivunjivunji dawa hii. Figo huichuja na kuitoa kama ilivyoingia: nusu yake ndani ya saa mbili hivi, na karibu yote ndani ya saa 24, kwa mtu mwenye figo nzima. Kwa hiyo kila tone la dawa lazima lipite kwenye viungo viwili vidogo, na ndani ya viungo hivyo kuna eneo ambalo kwa kawaida huishi kwa shida.

Figo hupokea takriban moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, lakini mgao huo haufiki sawasawa. Sehemu ya nje hujaa damu. Sehemu ya ndani hupata kidogo, na oksijeni yake iko chini sana hata kwa mtu mwenye afya. Kontrasti huisinyaza mishipa midogo ya sehemu hiyo ya ndani. Wakati huo huo, vijineli vya figo vinapofyonza maji na kuyarudisha mwilini, dawa iliyobaki ndani yake hunenepa na kupita kwa taabu, huku ikizigusa na kuzikera chembe za kuta za vijineli hivyo. Figo nzima, ya mtu aliyekunywa maji ya kutosha, huvumilia hayo na kuendelea na kazi. Figo iliyokwisha kupoteza sehemu kubwa ya vichujio vyake, au inayopata damu kidogo kwa sababu moyo ni dhaifu au mwili umekauka, inaweza kuishiwa nguvu.

Hilo likitokea, kwa kawaida hakuna maumivu, na mara nyingi mkojo hauendi kupungua wala kubadilika rangi. Yule anayechunguza mkojo kwa siku tatu anatazama pasipo na habari. Dalili iko kwenye damu: kreatinini, taka inayotokana na misuli, huanza kupanda ndani ya siku moja au mbili, hufika kilele kati ya siku ya tatu na ya tano, kisha kwa wengi hurudi ilikokuwa ndani ya wiki moja au mbili. Wachache sana hufikia hatua ya kusafishwa damu kwa mashine.

Hofu ilivyoanza

Mwaka 1954 madaktari waliripoti mgonjwa mwenye saratani ya uboho iitwayo mailoma ambaye figo zake zilisimama baada ya kupigwa picha ya njia ya mkojo kwa dawa ya kontrasti. Ripoti nyingine zilifuata, na kwa dawa za miaka ile hofu ilikuwa na msingi. Zilikuwa na msongamano mkubwa wa chembe: damu ya binadamu hupimwa karibu 290 kwa kipimo cha osmolaliti, na dawa zile zilifika 1,500 na kupita. Ziliuma zikiingia mshipani, zilivuta maji kutoka kwenye chembe za damu na za mishipa, na kuzitikisa figo. Daktari wa radiolojia kutoka Sweden, Torsten Almén, alisumbuliwa na maumivu waliyopata wagonjwa wake, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akapendekeza molekuli isiyogawanyika kuwa chembe mbili zenye chaji inapoyeyuka. Kutokana na wazo hilo zilizaliwa dawa zinazotumika leo, ambazo kipimo chake ni kama 600 hadi 850, na aina moja, iodiksanoli, iko sawa na damu.

Dawa zilibadilika, lakini onyo lilibaki lile lile. Kwa miongo kadhaa vitabu viliendelea kuitaja kontrasti miongoni mwa sababu kuu za figo kuumia ghafla hospitalini, vikitegemea hesabu ambayo sasa tunajua ilikuwa na kasoro kubwa. Kasoro hiyo ndiyo kiini cha suala zima.

Chukua mfano huu. Mtu wa miaka 70 analazwa na nimonia kali. Presha imeshuka, hali chakula, hanywi maji, amepewa dawa za kuua bakteria ambazo baadhi ni kali kwa figo. Siku ya pili anapigwa CT ya kifua kwa kontrasti. Siku ya nne kreatinini yake imetoka 110 hadi 160. Kwa ufafanuzi uliotumika miaka mingi, kreatinini ikipanda kwa robo au zaidi ndani ya siku mbili au tatu baada ya sindano, lilihesabiwa kuwa jeraha la kontrasti. Mzee huyu angeandikwa hivyo. Lakini maambukizi, presha ya chini, ukavu wa mwili na zile dawa nyingine zingeweza kufanya kazi hiyo hata kama mashine ya CT isingekuwapo kabisa. Kwenye msafara wa mamba kenge hawakosi, na kwenye orodha za majeruhi wa kontrasti waliingia wengi ambao kontrasti haikuwagusa.

Aliyelionyesha hilo kwa namna isiyopingika ni Jeffrey Newhouse na wenzake, mwaka 2008. Hawakuwatazama waliochomwa kontrasti. Waliwatazama wagonjwa wa hospitali zaidi ya 30,000 ambao hawakupewa kontrasti yoyote, wakafuatilia kreatinini yao siku hadi siku. Zaidi ya nusu walikuwa na badiliko la angalau asilimia 25, kupanda au kushuka. Maana yake, kipimo kilichotumika kuihukumu dawa kilikuwa kikiyumba chenyewe kwa wagonjwa wasiohusika nayo. Tafiti za zamani, karibu zote, hazikuwa na kundi la kulinganisha. Ziliwahesabu waliochomwa sindano tu, na kila aliyepanda akaandikwa kwa jina la sindano.

Baada ya hapo watafiti walianza kulinganisha. Timu za Mayo Clinic na Chuo Kikuu cha Michigan, kuanzia mwaka 2013, ziliwaoanisha wagonjwa waliopigwa CT kwa kontrasti na waliopigwa bila kontrasti, kwa umri, magonjwa na hali ya figo. Kwa wenye figo nzuri na hata zilizopungua kiasi, makundi mawili yalitoka karibu sawa. Walipofikia wenye figo dhaifu sana, timu hizo hazikukubaliana: Michigan waliona madhara ya kontrasti, Mayo hawakuyaona. Udhaifu wa tafiti hizi nao usifichwe. Madaktari huogopa kuwapa kontrasti wenye figo mbaya, kwa hiyo waliopewa na wasiopewa hawafanani tangu mwanzo, na hesabu za kuwaoanisha hurekebisha sehemu tu ya tofauti hiyo. Ndiyo sababu siungi mkono wale wanaoruka kutoka hofu kubwa hadi kusema hatari haipo kabisa.

Mwaka 2020 chama cha wataalamu wa radiolojia cha Marekani na taasisi ya kitaifa ya figo ya nchi hiyo walitoa tamko la pamoja. Walitenganisha mambo mawili yaliyokuwa yakichanganywa: figo kuumia baada ya kontrasti, kwa sababu yoyote ile, na figo kuumia kwa sababu ya kontrasti. Kisha wakakadiria hilo la pili kwa sindano ya mshipani, kufuatana na kiwango cha uchujaji, yaani makadirio ya mililita ambazo figo huchuja kwa dakika, kile kinachoandikwa eGFR kwenye karatasi ya majibu. Kwa mwenye 45 na kuendelea, hatari ni karibu sifuri. Kati ya 30 na 44, sifuri hadi asilimia 2. Chini ya 30, sifuri hadi asilimia 17. Upana wa makadirio hayo ya mwisho unaonyesha ukubwa wa mashaka yaliyobaki, na pia unaonyesha mahali ambapo tahadhari inapaswa kukaa.

Kwa hiyo anayepaswa kusimamishwa kidogo na kutafakariwa ni mwenye uchujaji chini ya 30, au ambaye figo zake zimeumia ghafla hivi sasa, iwe kwa kuhara, maambukizi au sababu nyingine. Kisukari, presha na umri ni sababu za kumpima kreatinini mapema, kwa kuwa huenda vimeshazila figo kimya kimya. Peke yake havimzuii mtu kupigwa picha. Mwenye figo moja iliyo nzima naye hazuiwi kwa sababu hiyo tu. Na mzio wa samaki au kamba hauhusiani na figo, wala hauongezi hatari ya kontrasti kuliko mzio mwingine wowote wa chakula, ingawa swali hilo bado linaulizwa kwenye fomu nyingi.

Hatari inapoingia kupitia mrija wa moyo

Takwimu hizo ni za sindano ya mkononi. Kipimo cha mishipa ya moyo ni jambo jingine. Mrija huingizwa kwenye ateri hadi kwenye moyo, na katika baadhi ya vipimo dawa humwagwa kwenye ateri juu ya figo, ikafika huko kabla haijachanganyika vizuri na damu. Wagonjwa hawa huumia figo mara nyingi zaidi. Lakini hata hapa si dawa peke yake. Mwenye mshtuko wa moyo hupata presha ya chini, anaweza kutokwa damu, na mrija unapopita kwenye ateri kubwa iliyojaa mafuta huweza kubandua vipande vidogo vinavyokwenda kuziba mishipa ya figo.

Jaribio kubwa liitwalo MATRIX lilitoa ushahidi mzuri juu ya hili. Zaidi ya wagonjwa 8,000 wenye mshtuko wa moyo au dalili zake waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu mrija uliingia kupitia kifundo cha mkono, nusu kupitia paja. Figo ziliumia kwa asilimia 15.4 ya kundi la mkono na 17.4 ya kundi la paja. Kilichotofautiana ni mlango wa kuingilia, na sehemu ya madhara ikapungua. Kama kontrasti ingekuwa mkosaji pekee, mlango usingekuwa na maana.

Kuhusu kinga, historia yake ni ya matumaini yaliyopanda haraka na kushuka polepole. Mwaka 2000 jaribio dogo la wagonjwa 83 nchini Ujerumani lilionyesha kwamba asetilisisteini, dawa ya kulegeza makohozi, ilipunguza jeraha kutoka asilimia 21 hadi 2. Ilikuwa rahisi, salama, na kila mtu akaikumbatia. Kwa zaidi ya miaka kumi wagonjwa walinywa dawa hiyo yenye harufu kama yai bovu kabla ya vipimo. Mwaka 2018 jaribio la PRESERVE, lililohusisha wagonjwa zaidi ya 5,000 waliofanyiwa vipimo vya ateri, lilikuta haisaidii chochote. Jaribio hilo hilo lililinganisha dripu ya bikaboneti na ya maji ya chumvi, na hakukuwa na tofauti. Kusafisha damu kwa mashine mara baada ya kipimo, ili kuitoa kontrasti, nako hakuzuii jeraha.

Kilichobaki ni maji. Hata hayo yana mipaka yake. Jaribio la AMACING lililofanyika Maastricht, Uholanzi, na kuchapishwa mwaka 2017, liliwachukua wagonjwa 660 wenye uchujaji kati ya 30 na 59, nusu wakapewa dripu ya maji ya chumvi na nusu hawakupewa kitu. Figo ziliumia kwa asilimia 2.7 ya waliopata dripu na 2.6 ya wasiopata. Huku 18 kati ya waliopewa dripu wakipata matatizo kwa sababu ya dripu hiyo, hasa moyo kuzidiwa na maji. Kwa hiyo dripu sasa huelekezwa kwa wenye uchujaji chini ya 30 ambao hawako kwenye mashine ya kusafisha damu, na kwa wenye moyo dhaifu daktari hupima kwa uangalifu. Wengine wote, kunywa maji kama kawaida kabla na baada kunatosha. Mtindo wa kumkatalia mtu hata maji kwa saa nyingi kabla ya CT haumsaidii mwenye figo dhaifu.

Jambo ambalo mgonjwa anaweza kulifanya mwenyewe na likawa na uzito ni kutaja dawa zote anazotumia. Vidonge vya maumivu vya jamii ya ibuprofeni na diklofenaki hubana damu inayoingia kwenye figo, na kuvimeza siku hizo hizo ni kuiongezea figo dhaifu mzigo. Wengi hawavihesabu kama dawa kwa sababu hununuliwa bila cheti, hivyo hawavitaji.

Metfomini ya kisukari huulizwa sana, na maelezo yake hupotoshwa. Haidhuru figo. Tatizo ni kwamba hutolewa na figo. Zikisimama ghafla, metfomini hulundikana na inaweza kusababisha asidi kujaa kwenye damu. Ndiyo sababu mwenye figo dhaifu, au anayefanyiwa kipimo cha ateri, huambiwa aisitishe siku ya kipimo na airudie baada ya saa 48, figo zikishathibitika kuwa salama. Mwenye figo nzuri anayechomwa sindano ya mkononi mara nyingi hana haja ya kuiacha, ingawa miongozo inatofautiana juu ya mstari wa kukatia, kwa hiyo afuate alichoelekezwa pale anapotibiwa.

Wengine huhamishiwa kwenye MRI kwa kudhani wameikwepa hatari. MRI hutumia gadolini badala ya iodini, na kisa chake kimegeuka juu chini: si dawa inayoharibu figo, bali figo mbovu zinazoiacha dawa ibaki mwilini ikaharibu ngozi. Wagonjwa wa kwanza waliokakamaa ngozi na viungo walielezwa mwaka 2000, na mwaka 2006 madaktari wa Austria na Denmark waliunganisha ugonjwa huo na gadolini. Aina za zamani, ambazo molekuli yake huiachia gadolini kirahisi, zilipoondolewa au kuepukwa kwa wenye figo mbovu, visa vipya vilikaribia kutoweka. Aina za sasa zinazoifunga gadolini kama kwenye kizimba zina hatari ndogo mno, hata kwa wanaosafishwa damu.

Sasa gharama ya hofu. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani, wakiongozwa na Glenn Chertow, walionyesha kwamba wazee wenye mshtuko wa moyo waliokuwa na figo dhaifu walifanyiwa kipimo cha mishipa ya moyo mara chache kuliko walivyostahili, ilhali ndio waliokuwa kwenye hatari kubwa ya kufa kwa moyo. Hilo linaniuma kuliko yote katika habari hii. Mtu mwenye bonge la damu kwenye mapafu, au mshipa mkubwa uliochanika kifuani, au kiharusi ambacho kinaweza kuondolewa kwa mrija, hana muda wa kungoja majibu ya kreatinini. Picha isiyo na kontrasti inaweza kuliacha bonge hilo bila kuonekana. Kreatinini iliyopanda kwa siku tano hushuka. Bonge lililokosekana halisubiri.

Kwa ambaye si wa dharura na uchujaji wake uko chini ya 30, mazungumzo na daktari yana mambo machache ya kweli: je, ultrasaundi au MRI inaweza kujibu swali hilo hilo? Kama haiwezi, dripu itaanza saa ngapi, dawa ipi isimamishwe, na damu itapimwa lini tena? Kupima saa 48 hadi 72 baadaye ndiko kunakofaa. Kupima kesho yake asubuhi na kutangaza salama ni mapema mno. Na ambaye tayari anasafishwa damu kwa mashine na hatoi mkojo tena, hana haja ya kukimbizwa kwenye mashine baada ya CT. Asubiri zamu yake ya kawaida. Anayesafishwa lakini bado anatoa mkojo aseme hivyo wazi, kwa kuwa uwezo huo mdogo uliobaki ndio unaompunguzia maji na chumvi kati ya zamu na zamu, na unastahili kulindwa kwa maandalizi yale yale ya mwenye figo dhaifu.